Thurstan Wragby, Aliyeambiwa Piga

Padri Hewitt, Bwana Lambert Skirbeck mkuu wa mji wetu wa Haldby, waheshimiwa wa baraza, majirani, wasuka kamba wenzangu na waombolezaji wote mliosimama kwenye tope hili, kwa niaba ya familia nawashukuru kwa kufika. Mimi ninayesoma naitwa Warin, shemeji wa marehemu, kaka wa mjane wake Isott, na kwa kuwa karani wa mji aliombwa aiandike historia hii akasema mkono unamuuma, nimeiandika mwenyewe, hivyo mtanivumilia pale itakapokwaruza.

Kabla sijaanza, niseme neno kuhusu tarehe, maana najua mmezoea kuzisikia kwenye shughuli kama hii. Desturi ya nchi yetu ni kuhesabu miaka kwa mfalme, mwaka wa tano wa huyu, mwaka wa kumi wa yule, lakini marehemu ameishi chini ya wafalme waliopokonyana kiti hadi miaka yenyewe ikaanza kufutwa, leo tunaambiwa tuandike mwaka wa fulani, kesho tunaambiwa fulani hakuwa mfalme bali mwizi, na ole wake atakayeutaja mwaka wa mwizi. Kwa hiyo siku nitazitaja kwa watakatifu, ambao hawajapinduliwa bado, na wale wafalme wawili waliotutesa zaidi nitawaita Mfalme Mzee na Mfalme Kijana, kwa sababu hapa tulipo kulitaja jina la mmoja ni kumtukana mwingine, na kila mmoja wao bado ana watu wake humu.

Marehemu Thurstan Wragby alizaliwa mkesha wa Sikukuu ya Mishumaa, katika nyumba iliyo nyuma ya kinu cha maji hapa hapa Haldby, mwaka ule mto ulipoganda watu wakavusha mikokoteni juu yake. Wakati huo Mfalme Mzee alikuwa bado mtoto mdogo, maana alirithi kiti akiwa ananyonya, na mama wa Thurstan alipenda kusema kwamba Uingereza nzima ilitawaliwa na mtu asiyeweza kushika kijiko, na ilikuwa na amani kuliko walipokuja walioweza kushika panga. Kati ya watoto waliozaliwa katika nyumba ile, Thurstan peke yake ndiye aliyekua.

Kuhusu elimu, marehemu hakwenda shule, alijua sala zake za Kilatini kama tunavyozijua sisi sote, yaani bila kujua tunamwomba Mungu nini, lakini alisomea mnarani. Mzee Pell, aliyekuwa mpiga kengele wa kanisa hili kabla yake, alimchukua akiwa bado anaota meno ya ukubwani, akamfundisha kupiga kengele ya moto, ya mafuriko, ya harusi, na zaidi ya yote kumlilia kwa kengele aliyekufa, ili mtu aliyeko shambani aliyeinama na mundu wake ajue kwa mapigo yake, bila kuulizia, kama ni mwanamume, mwanamke au mtoto aliyetutoka, avue kofia, aombe. Nyote mnajua kazi ya kengele hiyo, roho ikitoka mwilini inapita njia yenye maadui, na sauti ya kengele ndiyo inayowatawanya, na ndiyo inayoamsha majirani waiombee njiani, na anayezikwa bila kengele anakwenda gizani peke yake. Thurstan aliliamini hilo kuliko padri yeyote niliyewahi kumsikia, nisamehe Padri Hewitt.

Kwa kuwa kengele haimlishi mtu, marehemu aliajiriwa na marehemu baba yangu katika banda letu la kusukia kamba, na hapo ndipo nilipomfahamu. Kazi yetu, kwa wasioijua, ni kutembea kinyumenyume kutwa nzima, katani imezungushwa kiunoni, vidole vinaiachia kidogo kidogo huku mwenzako anazungusha gurudumu, na baba alisema Thurstan ndiye mfanyakazi pekee aliyetembea kinyumenyume bila kumkanyaga mbwa. Alikuwa na vidole vya ajabu, akishika uzi gizani anakwambia ni katani ya bonde gani, na kamba zake zipo mpaka leo kwenye visima vyenu, kwenye vinu vyenu na kwenye shingo za ng'ombe wenu.

Marehemu alifunga ndoa na dada yangu Isott mlangoni pa kanisa hili, siku ya Mtakatifu Luka, na nilimpa dada kwa roho nyeupe ingawa nilimwambia shemeji mbele ya watu kwamba anachukua mwanamke anayekoroma. Akanijibu, "Usijali, Warin, mimi nimezoea kulala chini ya kengele." Kengele yetu kubwa, kama mjuavyo, ilibatizwa na askofu ikapewa jina la Margareta, na kuanzia siku ile ya harusi dada yangu hakumwita kwa jina lingine ila mke mwenza, akimwona mumewe anavaa koti alfajiri anamwambia, "Haya, nenda kwa bibi mkubwa, umsalimie, mwambie mimi sina wivu, ila arudishe mtu akiwa na nguvu za kupasua kuni."

Mungu aliwajalia watoto wawili, Jankin na Emmot. Jankin aliondoka nyumbani ndevu ndiyo kwanza zinaota, majira ya baridi yale jeshi lilipopita barabara kuu likaingia mjini kuchukua kila anayeweza kuvuta upinde. Dada yangu aliwashika hatamu za farasi akawauliza, "Mnampeleka wapi mwanangu?" wakasema, "Kwa mfalme." Akauliza, "Yupi?" wakamsukuma akaanguka kwenye theluji, na hilo ndilo jibu pekee tulilowahi kupata. Siku ya Matawi walipigana huko kaskazini, theluji ikiwapiga usoni, na baada ya siku chache baraza letu likaletewa habari kwamba Mfalme Kijana ameshinda, Mfalme Mzee amekimbia, na sasa miji yote ishangilie. Thurstan aliitwa, akaambiwa apige kengele za furaha, akapiga tangu asubuhi mpaka viganja vikachubuka, watu wakacheza pale sokoni na bia ikamwagwa, kisha Jumapili iliyofuata mwuza ngozi mmoja akaja na mkanda wa Jankin, aliousuka baba yake mwenyewe, akasema ameutoa kwa maiti upande wa walioshindwa. Baba alikuwa amepiga kengele ya furaha kwa vita iliyomuua mwanawe. Sijui kama kuna mwanamume hapa ambaye angepanda tena mnara ule, lakini yeye siku hiyo hiyo alipanda, akamlilia Jankin kengele ya mwanamume, siyo ya mtoto, na tangu aliposhuka dada yangu hakumtania tena kuhusu bibi mkubwa kwa muda mrefu sana.

Sasa nafika mahali ambapo karani wa mji mkono ulimuuma.

Iko desturi, wazee mnaijua na vijana mtaijua mwezi huu huu, kwamba mfalme akipita katika mji na kengele za kanisa zisipolia, milango ya kanisa inafungwa kwa lakiri, hakuna misa, hakuna ubatizo, hakuna mazishi, mpaka mji ujinyenyekeze na kulipa. Ni desturi nzuri kukiwa na mfalme mmoja. Lakini ulifika mwaka ambao Mfalme Kijana alikimbilia ng'ambo, Mfalme Mzee, aliyekuwa amekamatwa, akatolewa kifungoni akavishwa taji tena kama mwanasesere, tukaambiwa turudi kuhesabu miaka yake kana kwamba katikati hapakuwa na kitu, na tulipoanza kuzoea, Kwaresima ikatukuta na uvumi kwamba yule Kijana ameshuka pwani na watu wake. Asubuhi moja ya mvua, jeshi likaonekana barabarani linatoka kaskazini, bendera zimelowa zimejisokota kwenye miti yake, hata mwenye macho ya kipanga asingeweza kusema alama yake ni simba, ni ua au ni nguruwe.

Baraza zima lilikimbilia chini ya mnara. Dada yangu alikuwepo, alikuwa amempelekea mumewe mkate wa shayiri na samaki wa chumvi, na alisikia kila neno. Mmoja alisema tusipige, huenda siyo mfalme, tutaonekana tumewashangilia waasi. Mwingine alisema tupige, huenda ni mfalme, kanisa litafungwa. Padri Hewitt, wewe ulisema tuombe kwanza, na nakusifu, ulikuwa wakati mzuri wa kuomba. Thurstan alikuwa ameshika kamba, akauliza swali moja tu, akasema, "Waheshimiwa, nimpigie nani?" Na Bwana Lambert Skirbeck, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amechaguliwa kuwa mkuu wa mji, alimjibu hivi, nayasoma kama yalivyosemwa, "Mfalme ni mfalme, bwana, wewe unataka jina lake la nini? Piga."

Akapiga.

Hakuwa mfalme yeyote. Alikuwa bwana mmoja wa upande wa Mfalme Mzee anarudi nyuma na watu wake wenye njaa, wakafurahi kusikia kengele, wakala nguruwe wetu, wakaenda zao. Pasaka ikapita, wakapigana huko kusini, Mfalme Kijana akashinda tena, Mfalme Mzee akafa kifungoni kifo ambacho hatuambiwi kilikuwaje, na mara baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Yohane wakaja watu wa hukumu, wanapita mji hadi mji kuuliza nani aliwashangilia waasi. Hapa Haldby hawakuhitaji kuuliza sana, kengele husikika mbali.

Jioni ya kuamkia hukumu Bwana Lambert alikuja nyumbani kwa marehemu. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda karibu na jiko, nala. Hakuvua hata kofia, akasema, "Thurstan, ndugu yangu, wakisikia ni baraza lililotoa amri, wataunguza mji, wanawake na watoto. Wakisikia ni mpiga kengele tu, mtu wa kawaida, amekosea kwa sababu ya mvua, watakukemea na kukuacha." Dada yangu akasema, "Kama ni kukemewa tu, mbona usikemewe wewe?" Thurstan akamwambia, "Isott, nyamaza, anachosema kina maana." Kisha Bwana Lambert akamshika mkono, ule wa kulia, akasema, "Haldby haitakusahau. Nakuapia kwa Margareta mwenyewe, siku yako ikifika atakulilia mpaka wasikie hadi mjini Lincoln." Shemeji yangu alicheka, akasema, "Basi mlainishie kwa mafuta ekseli anayobembelea, maana huwa anakwama." Ndivyo alivyokubali, na akatuomba mimi na mkewe tusifumbue mdomo, na hatukufumbua.

Kesho yake Bwana Lambert alisimama mbele ya watu wa hukumu akasema mpiga kengele alikuwa amelewa. Wakati wa Kwaresima, asubuhi, mtu ambaye bia ilimpa kiungulia. Walimkata mkono wa kulia pale sokoni, kwenye meza ya mchinjaji, wakatangaza kwamba ni msaliti na asikanyage tena mnara wa kanisa, na mji ukasalimika, hakuna paa hata moja lililoungua. Hizi nyumba mnazoziona kutoka hapa kaburini, zote zimesimama juu ya mkono ule.

Mkidhani kwamba alishukuriwa, hamuijui Haldby. Kazi ya kengele alipewa mpwa wa Bwana Lambert, ambaye anampiga Margareta kama mtu anayegonga sufuria kuita nguruwe. Kamba hazisukwi kwa mkono mmoja, kwa hiyo nilimweka shemeji kwenye gurudumu, akalizungusha kwa mkono wa kushoto tangu siku ile mpaka mwisho, mimi natembea kinyumenyume namtazama, na hakuna siku niliyomtazama bila kuona uchungu. Watoto wa mji waliokuja kuzaliwa baadaye walifundishwa kumwita Kisiki. Watu aliowalilia wazazi wao walivuka barabara wasije wakaonekana naye, kwanza kwa hofu, baadaye kwa mazoea. Yeye hakukasirika, nilikasirika mimi. Nilipomwambia atoe siri, awaaibishe, alinijibu, "Shemeji, Lambert ameapa kwa Margareta. Mkono nilishautoa, usinipotezee na kengele."

Hicho tu ndicho alichokuwa anangoja. Kila mtu akifa mjini, Thurstan alisimamisha gurudumu, akasikiliza mpwa yule anavyoharibu kazi, akasema, "Mimi watanipigia vizuri zaidi." Alimfundisha binti yake Emmot mapigo yote kwa kutumia kamba iliyofungwa kwenye boriti ya banda letu, bila kengele, ili walau mtu mmoja mjini ajue yanavyotakiwa kuwa.

Marehemu alianza kuugua kifua baada ya Krismasi, akikohoa hasa alfajiri, akatibiwa na Mama Hawis kwa asali na majani, akapata nafuu kidogo, kisha hali ikabadilika Kwaresima ilipoanza. Alipoona mwisho umefika alimtuma Emmot kwa Bwana Lambert kukumbusha ahadi. Emmot alirudi hajajibiwa, baba yake akamwuliza, naye, Mungu amsamehe kwa uongo ule, akamwambia, "Baba, wanalainisha ekseli." Alifariki siku ya Mtakatifu Chad, jua likichomoza, ameshika kidole cha dada yangu, akisikiliza.

Mpaka tunamleta hapa alikuwa hajasikia kengele. Tulikwenda barazani, dada yangu mwenyewe akiwa na matope mpaka magotini, tukajibiwa kwamba hukumu ya usaliti haijafutwa, na kwamba mfalme mpya, huyu aliyevuka bahari mwaka jana akamuua aliyekuwepo, atapita Haldby kabla ya Pasaka, sasa atasemaje akisikia tunamlilia msaliti? Nikamwambia Bwana Lambert kwamba mfalme huyu mpya ni adui wa wale wale waliomkata Thurstan mkono, akijua atampa heshima. Akanijibu, "Leo ndivyo, Warin. Kesho unajua nani atakuwepo?" Na nakiri, katika maneno yote aliyowahi kusema mtu huyu, hayo peke yake hayakuwa uongo.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu, na gurudumu ambalo sijui nani atalizungusha.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa Mama Hawis, aliyekataa malipo, kwa kinyozi Tebald, aliyeziba kidonda cha mkono ule siku ile wengine wote walipofunga madirisha, kwa majirani wa njia ya kinu kwa mkate na samaki aina ya mkunga wa kuwalisha waombolezaji, kwa wasuka kamba waliochimba kaburi hili kwenye maji, na kwa Padri Hewitt, aliyekubali azikwe ndani ya uzio, ingawa ni huku upande wa kaskazini ambako jua halifiki. Tunalishukuru pia baraza la mji. Sijasahau.

Na kuhusu baraza, nimalizie na jambo la kazi. Kamba ya Margareta imeoza, na baada ya Krismasi waheshimiwa mliniagiza mpya, ndefu, ya katani bora, ya kumpokelea mfalme. Nimeisuka. Shemeji aliizungusha kwenye gurudumu mpaka siku alipolala kitandani asiinuke tena, ni kazi yake ya mwisho, na alijua ni ya nini. Nimeileta. Ni hiyo iliyopita chini ya sanda yake hapo kwenye machela, ndiyo itakayomshusha, na kaburi likifukiwa itabaki naye chini, na kamba nyingine ya urefu ule siwezi kuimaliza kabla ya Pasaka, wala hakuna mwingine mjini anayeweza. Mfalme atakuja, atapita chini ya mnara ulio kimya, na safari hii hamna mlevi wa kumsingizia.

Au inaweza kufungwa mnarani sasa hivi. Emmot amesimama mlangoni pa mnara, anajua mapigo, na machela inaweza kungoja, marehemu amezoea kungoja. Dada yangu hataki kisasi, ameniambia niseme hivyo, anataka mumewe asiende gizani peke yake. Haihitajiki hukumu kufutwa wala karatasi kuandikwa. Bwana Lambert, ni neno moja, na ulishalisema mara moja, chini ya mnara huu huu, haraka haraka, bila hata kuuliza ni kwa ajili ya nani. Liseme tena. Tunakungoja, wote, na mvua hii.

Thurstan, shemeji yangu, pumzika kwa amani kama watakuruhusu, na usikilize.